Tulipogombea Kisogo cha Jitu

Kulikuwa na wakati ambapo raundi moja ya vita katika Dungeons & Dragons ilikuwa dakika nzima. Ndivyo kilivyoelekeza kitabu cha toleo la pili, lililotoka mwaka 1989, na ndivyo tulivyocheza. Ndani ya dakika hiyo mpiganaji wa kawaida alirusha dadu ya pande 20 mara moja tu, lakini hakuna aliyedhani kwamba upanga wake ulishuka mara moja. Alikinga, akarudi nyuma, akahadaa, akateleza, akasukumwa hadi ukutani, kisha mahali fulani katikati ya vurugu hiyo akapata upenyo mmoja wa maana. Dadu ilitoa habari za upenyo huo. Mengine yote tulipaswa kuyasema wenyewe.

Mwaka 2000 toleo la tatu liliikata dakika hiyo ikawa sekunde sita, na sekunde sita zimedumu hadi leo. Ni kanuni nzuri. Inaeleweka, haimwonei mtu, na mgeni huishika kwa jioni moja. Hata hivyo, kuna kazi tuliyokuwa tukiifanya pamoja katika ile dakika ndefu, kazi ya kujadiliana hadi tukubaliane ni nini hasa kimetokea mbele ya macho ya wahusika wetu. Kazi hiyo imetutoka mikononi kidogo kidogo, toleo baada ya toleo, na mimi ninaisikitikia.

Nilikutana na mchezo huu Minnesota katikati ya miaka ya 1990, nilipokwenda kusoma. Majira ya baridi ya huko ni marefu, na watu hujitafutia shughuli za ndani. Wanafunzi wenzangu walikuwa wakikutana Ijumaa usiku katika chumba cha chini ya ardhi cha nyumba waliyopanga, wakaizunguka meza ya kukunja. Mmoja wao alikuwa msimamizi: yeye ndiye aliyesimulia ile dunia, mapango yake, majoka yake na watu wake. Sisi wengine kila mtu alikuwa na mhusika wake, ameandikwa kwenye karatasi kwa penseli: nguvu zake, silaha zake, pointi zake za uhai. Msimamizi anaeleza kilichopo, wewe unasema unafanya nini, na pale ambapo matokeo hayana hakika, dadu zinaamua.

Wakati ule sikujua kwamba nilikuwa nimefikia kwenye asili yenyewe ya mchezo. Dave Arneson alikuwa mtu wa Minneapolis na St. Paul, na huko ndiko alikoanza kuwaongoza rafiki zake katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1972 aliupeleka mchezo wake Lake Geneva, mji mdogo wa Wisconsin, akamwonyesha Gary Gygax. Mwaka 1974 wawili hao wakatoa vijitabu vitatu ndani ya boksi moja, nakala 1,000 katika uchapaji wa kwanza. Vijitabu hivyo vilichukulia kwamba msomaji tayari anacho Chainmail, kitabu cha kanuni za vita vya sanamu ndogo ambacho Gygax na Jeff Perren walikichapisha mwaka 1971. Kando ya kanuni hizo waliweka njia mbadala ya kupigana kwa dadu ya pande 20, na hiyo mbadala ndiyo iliyokuja kuwa mchezo wenyewe. Aliyekuwa mbali na Lake Geneva, au asiyekuwa na Chainmail, alibaki na mapengo, na mapengo hayo aliyajaza kwa akili yake na ya wenzake. Kufasiri kanuni kulizaliwa siku moja na mchezo.

Mhusika wangu wa kwanza alikuwa mwizi, na karibu wote waliofuata pia. Mwizi wa toleo la pili hakuwa mtu wa kusimama mbele ya adui. Pointi zake za uhai zilikuwa chache na vazi lake lilikuwa la ngozi. Alichokuwa nacho ni pigo la kisogoni: akimfikia adui kwa nyuma bila kushtukiwa, huongezewa pointi nne za kulenga, na madhara ya kisu chake huzidishwa mara mbili, kisha mara tatu na zaidi kadiri anavyopanda ngazi. Kitabu kiliweka masharti. Mwizi awe nyuma. Adui asijue kwamba mwizi amekusudia kumshambulia. Adui awe na umbo ambalo mwizi anajua pa kulichoma, na awe na mgongo unaotambulika, maana vipo viumbe vya mchezo huu vilivyo kama uji unaotembea, visivyo na mbele wala nyuma. Na kama adui ni jitu, mwizi atafute ukingo au roshani ya kusimama, kwa sababu kulichoma jitu kifundoni mwa mguu hakuwezi kuwa sawa na kulichoma shingoni.

Soma masharti hayo tena uone ni mangapi yaliyoachiwa watu waamue. Katika vita vya dakika nzima, ambamo kila mtu anazunguka na kusukumana, nyuma ni wapi? Adui aliyekuona ukiingia mlangoni na wenzako, je, bado anakukumbuka? Hakuna jedwali lililojibu hayo. Yalijibiwa mezani.

Usiku mmoja tulilikuta jitu katika ukumbi wa ngome iliyobomoka. Tuliingia wote kwa mlango mmoja, likatuona wote. Kabla ya kurusha dadu kila mtu alitangaza anachokusudia, kwa sababu ndivyo utaratibu ulivyokuwa: kutangaza kwanza, kisha kila upande kurusha dadu ya pande kumi, na wenye namba ndogo kutangulia. Waliotaka uhalisia zaidi, nasi tukiwa miongoni mwao, waliongeza kwenye dadu hiyo uzito wa kila tendo. Kisu kiliongeza mbili, upanga mrefu tano, upanga wa mikono miwili kumi, na uchawi wa mpira wa moto tatu. Wapiganaji wetu wawili walitangaza kulikabili jitu uso kwa uso. Mchawi wetu alitangaza mpira wa moto. Mimi nilitangaza kwamba napita nyuma ya nguzo, napanda ngazi za mawe, natokea kwenye roshani iliyo juu ya bega la jitu.

Hapo mabishano yakaanza, na namna tulivyobishana ndiyo ninayoikumbuka kuliko ushindi wowote. Mmoja alisema mwizi ameshaonekana, kwa hiyo sharti la adui kutojua limevunjika. Mwingine akasema kuonekana si sawa na kujulikana nia. Jitu liliona watu wanne, halikuona kisu kimoja kikipanda ngazi. Wa tatu akauliza ngazi zina urefu gani, na je, mtu aliyevaa ngozi anaweza kuzipanda na bado akabaki na sehemu ya dakika ya kupiga. Mchawi naye akasema kwamba kama mpira wake utalipuka kabla sijapiga, nitaungua pamoja na jitu, basi tuamue sasa anasubiri au hasubiri. Msimamizi alituacha tuseme. Alituuliza sauti ya jitu ilikuwa ikirudi vipi kwenye kuta zile, kama vumbi lilikuwa limetanda, kama wapiganaji walikuwa wakipiga kelele. Mwishowe akaamua: jitu lina hasira na lina mashoka mawili mbele yake, kwa hiyo kwa dakika hii limemsahau mtu mdogo aliyetoweka nyuma ya nguzo. Dakika ijayo halitamsahau tena.

Kisha akaandika. Alikuwa na daftari la kurasa za mistari, na kila uamuzi wa namna hiyo aliuweka humo kwa sentensi moja au mbili. Uamuzi wa usiku ule ulisema kwamba aliyetoweka machoni kwa raundi nzima, wakati wenzake wawili au zaidi wanamkabili adui uso kwa uso, ahesabiwe kuwa amesahauliwa, lakini mara moja tu katika kila pambano. Tulilitumia neno hilo kwa muda wote tuliocheza pamoja. Nilipohama meza na kukaa kwa muda na kikundi kingine, nikakuta wao wana ada tofauti kabisa kuhusu kisogo: kwao, adui anayepigana na mtu mwingine hana kisogo cha kuvizia, basi. Ilinibidi niwe mwizi wa aina nyingine.

Jambo hilo halikunishangaza, kwa kuwa mimi nililelewa karibu na baraza la bao. Kanuni za bao zilikaa kwa wachezaji, hazikukaa kitabuni, na mgeni aliyetoka mji mwingine aliweza kuja na desturi yake kuhusu nyumba au kutakata, ikabidi waafikiane kabla ya kete kuanza kusambazwa. Wazee walikuwa wakali, lakini walisikiliza. Nilipoiona meza ya Minnesota ikibishana juu ya roshani na nguzo, niliwatambua watu wa aina ileile.

Rufaa ilikuwepo, ila ilikwenda polepole. Jarida la Dragon lilikuwa na safu iliyoitwa Sage Advice, ambamo Skip Williams alijibu maswali ya wachezaji waliomwandikia barua. Jibu lilichukua miezi kufika, na kwa kawaida meza ilikuwa imeshaamua na kusonga mbele. Tuliisoma safu ile kwa hamu ya kujua wengine wanagombania nini, na mara kwa mara jibu lake lilituonyesha upande ambao hatukuuwaza. Hatukuona haja ya kurudi nyuma kuyafuta tuliyokwisha kuyaamua.

Sitaki kuzisifu zama hizo kwa kuzifumbia macho. Zilikuwa na wakubwa na wadogo. Mwenye maneno mengi alipata kisogo cha adui mara nyingi kuliko mwenye maneno machache. Nilikutana baadaye na wasimamizi waliowapa rafiki zao kila upenyo na kuwanyima wageni. Na mimi Kiingereza changu kilikuwa kizuri darasani lakini kizito mezani. Nilijua vizuri kabisa mwizi wangu amesimama wapi na kwa nini haonekani, lakini nilipokuwa bado naipanga sentensi, mwenzangu alikuwa ameshasema na msimamizi ameshaandika. Wapo wachezaji wengi, hasa wanawake niliowafahamu miaka ile, ambao waliacha mchezo kwa sababu hiyo: walichoka kuomba kwa ufasaha kitu ambacho jirani yao alipewa kwa kelele.

Ndiyo maana toleo la tatu nililipokea kwa furaha ya kweli. Kampuni ya TSR iliyochapisha mchezo tangu mwanzo ilikuwa imenunuliwa na Wizards of the Coast mwaka 1997, na kazi ya kuandika upya ikakabidhiwa Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams. Huyo Williams ni yuleyule aliyekuwa akijibu barua. Mtu aliyetumia miaka akisoma magomvi ya meza za watu sasa aliketi kuandika kitabu ambacho kingeyamaliza.

Na kiliyamaliza mengi. Zamu ya kila mhusika iligawanywa katika vipande vyenye mipaka, na marekebisho ya mwaka 2003 yakaipanga mipaka hiyo vizuri zaidi: tendo la kawaida, tendo la mwendo, tendo linalomeza zamu nzima, na matendo madogo yasiyogharimu kitu. Uwanja wa vita ukawekwa juu ya karatasi ya miraba, kila mraba futi tano. Ukitoka ovyo kwenye mraba ulio karibu na adui, adui ana haki ya kukupiga pigo la bure, na haki hiyo haihitaji msimamizi aone huruma au chuki. Kisogo nacho kikatoweka. Mwizi mpya alipata pigo lake la siri kama adui amenaswa hawezi kukwepa, au kama mwizi na mwenzake wamesimama pande mbili zinazokabiliana, adui akiwa katikati. Unaweka kidole kwenye mraba wako, unaweka kingine kwenye mraba wa mwenzako, na mstari ukipita katikati ya adui, basi.

Nakumbuka nilivyojisikia mara ya kwanza nilipofanya hivyo. Nilionyesha miraba miwili, nikachukua dadu zangu za nyongeza, na hakuna aliyenihoji. Sikuhitaji kushawishi mtu. Kitabu kilikuwa kimenipa haki ambayo ulimi wangu haukuweza kunipatia, na kwa miaka kadhaa niliwaambia watu wote kwamba hivi ndivyo mchezo ulivyopaswa kuwa tangu zamani. Nusu ya maneno hayo bado nayaamini.

Nusu nyingine ilianza kunitia shaka taratibu. Niligundua kwamba mabishano hayakwisha, ila yalihama. Zamani tulibishana juu ya ukumbi: nguzo ziko wapi, jitu linatazama wapi, vumbi ni zito kiasi gani. Sasa tulibishana juu ya aya. Kumkaba adui kulikuwa na hatua nyingi kiasi kwamba meza nzima ilisimama kurasa zisomwe. Na katika ubishi wa aya, yule anayeijua aya hushinda, mwenye picha nzuri ya ukumbi hana la kusema. Hatukuwa tumeondoa mwenye maneno mengi; tulikuwa tumempa kitabu mkononi.

Toleo la nne lilikuja mwaka 2008, mwaka ambao Gygax alifariki. Arneson akamfuata mwaka 2009. Toleo hilo lilikaza mipaka kuliko yote, kila uwezo ukiwa na jina lake, aina yake ya tendo na idadi ya mara unazoruhusiwa kuutumia. Mimi sikukaa nalo sana. Toleo la tano, la mwaka 2014, lililegeza tena kamba, na ndilo lililowaleta mezani watu wengi ambao hawakuwahi kushika dadu ya pande 20. Muundo wake ni rahisi kuusema. Katika zamu yako una mwendo wako na tendo moja. Una tendo la ziada iwapo tu kuna kitu mahususi kinachokupa. Na una jibu moja la haraka, linaloweza kutumika hata kwenye zamu ya mwingine, kisha hulipati tena hadi zamu yako ianze upya.

Urahisi huo una kina chake. Mwizi wa leo hupata pigo la siri mara moja katika kila zamu, si katika kila raundi, kwa hiyo akimpiga adui kwa jibu la haraka katika zamu ya mtu mwingine anaweza kulipata tena. Na hahitaji kisogo wala mstari wa miraba: inatosha awe na nafasi bora ya dadu, au mwenzake mmoja awe ndani ya futi tano za adui huyo. Karibu kila raundi sharti hilo limetimia. Pigo ambalo zamani nililipigania usiku mzima, leo ni jambo la kuhesabu dadu na kupitisha zamu.

Toleo hili ndilo pia lililonionyesha kazi yetu imehamia wapi. Ulikuwepo ujuzi wa mpiganaji mwenye ngao, ulioitwa Shield Master. Uliandikwa kwamba ukichukua tendo la kushambulia katika zamu yako, unaweza kutumia tendo la ziada kumsukuma adui kwa ngao. Swali likawa: je, unaweza kumsukuma kwanza, akaanguka, ndipo umshambulie akiwa chini? Au kushambulia lazima kutangulie, kwa kuwa ndiko kunakozaa haki ya kusukuma? Sentensi inabeba maana zote mbili. Mwenye kusoma kwa jicho la vita anaona kwamba ngao hutangulia, kwa sababu hiyo ndiyo akili ya kuwa na ngao. Mwenye kusoma kwa jicho la sheria anaona kwamba haki haizaliwi kabla ya sharti lake.

Jeremy Crawford, aliyekuwa msemaji wa kanuni katika kampuni, alijibu swali hilo kwenye Twitter akiruhusu mpiganaji achague wakati. Mwaka 2018 alibadilisha jibu: kushambulia kwanza, ngao baadaye. Alikuwa na hoja, na haikuwa hoja dhaifu. Lakini nilichokiona mezani kwangu kilinihuzunisha. Mwenzetu mmoja alikuwa na mpiganaji wa ngao, na kwa muda mrefu alikuwa akipigana kwa kusukuma kwanza. Habari zilipofika, ngao yake ikabadilika usiku uleule. Hakuna aliyeuliza mtu mwenye ngao nzito angefanya nini mbele ya adui aliyesimama imara. Hakuna aliyesema kwamba meza hii imekuwa ikicheza hivi na haijaharibika. Tuliuliza tu amesema nini. Na kitabu kipya cha mwaka 2024 kikauandika upya ujuzi huo, ngao ikawa sehemu ya shambulio lenyewe baada ya pigo kupata, na ubishi wote ukafungwa kana kwamba haukuwahi kuwa na watu ndani yake.

Barua ya miezi ilikuwa na faida ambayo hatukuijua tulipokuwa nayo: ilituacha peke yetu kwa muda wa kutosha. Jibu likichelewa, watu hulazimika kutazamana.

Siku hizi mimi ndiye msimamizi. Nawachezesha wanangu na binamu zao Jumamosi mchana, hapahapa Minnesota. Ni watoto hodari, wanasoma kanuni haraka kuliko tulivyozisoma sisi, na simu zao zina majibu ya kila swali. Hawagombani. Hakuna anayenyimwa haki yake kwa kuwa mpole au kwa kuchelewa kusema. Nikiwatazama, naona yale niliyoyatamani nilipokuwa mgeni yametimia, na namshukuru kila aliyeyaandika.

Hivi karibuni walikuwa wakipigana na goblini kwenye jukwaa la mawe, na katikati yake palikuwa na chetezo kikubwa cha chuma kilichojaa makaa. Mpwa wangu, mwenye mpiga mishale, alikitazama chetezo kile kwenye ramani. Niliona wazo likimjia. Kisha akatazama karatasi yake, akaipitia juu hadi chini, akaniuliza, "Mjomba, kupiga teke chetezo ni tendo la aina gani?" Kabla sijamjibu akasema, "Basi, haimo. Nitapiga mshale." Akarusha dadu, akapata, goblini mmoja akafa, zamu ikaenda kwa mwenzake.

Hakukosea popote. Mshale ulikuwa tendo halali na dadu zilimtii. Kitabu chenyewe hakikumkataza chetezo. Kile cha 2014 kina kisanduku kizima kinachowaambia wachezaji kwamba matendo yaliyoorodheshwa si yote, na kwamba msimamizi ataamua namna ya kulipima tendo jingine lolote. Ruhusa ipo. Lakini orodha humfundisha mtu pa kuanzia kutazama, na mtoto aliyeanza kwenye karatasi atamaliza kwenye karatasi. Sisi tulianzia ukumbini kwa sababu hatukuwa na orodha ya kutosha kuanzia.

Tangu hapo nimeweka utaratibu mmoja: kwenye vita, kila mtu aniambie kwanza mhusika wake anafanya nini kwa mikono na miguu yake, na kazi ya kulipa jina tendo hilo iwe yangu. Kama halina jina, tunalijadili kwa muda mfupi, watoto wote wakisema, kisha naamua. Nimenunua na daftari. Wanalipokea vizuri, na mara chache hutokea jambo la kufurahisha sana. Lakini daftari linajaa polepole. Wakati mwingine ninapouliza, "Mnaonaje?", wananitazama kwa adabu wakisubiri jibu, wakiwa na hakika kwamba liko mahali fulani, limeshaandikwa na mtu anayejua kuliko wote waliomo chumbani.

Daftari la msimamizi wetu wa zamani sijui liko wapi. Tulihitimu, wenzangu mmoja baada ya mwingine wakapata kazi katika majimbo mengine, yeye akahama na vitabu vyake, na wakati huo hakuna aliyeona kwamba kurasa zile zina thamani zaidi ya vitabu vilivyochapishwa. Vitabu vyote vya toleo la pili naweza kuvinunua leo. Uamuzi juu ya mwizi, nguzo na jitu lililosahau hauuzwi popote, kwa sababu haukuwa kanuni ya mchezo. Ulikuwa kanuni ya watu wanne au watano waliopata kukubaliana.

Nikipimiwa zama zile na hizi, kwa ajili ya watoto wangu nachagua hizi. Nisingependa mtoto yeyote aombe nafasi yake mezani kama baadhi yetu tulivyoiomba. Ninachokisikitikia ni kwamba tulidhani lazima tuchague. Tulipopewa kanuni zilizo wazi tuliweka chini kazi ya kufasiri, kana kwamba ilikuwa mzigo uliotokana na vitabu vibovu tu, na hatukuwafundisha waliotufuata namna ya kuibeba. Kumbe sentensi iliyo wazi kabisa bado inahitaji watu wa kuisoma pamoja, wakijua ukumbi wao una nguzo ngapi. Hilo linafundishika, nami nalifundisha. Ningelianza mapema zaidi kama ningejua kwamba litahitaji kufundishwa.